Waya wa dijitali wa runinga na sabufa: unalipia sauti au unalipia boksi?

Msikilizaji, ukiingia leo kwenye duka la vifaa vya umeme kutafuta waya wa kuunganisha runinga na redio kubwa au sabufa, kuna uwezekano mkubwa muuzaji atakuwekea nyaya mbili mezani. Mmoja umefungwa kwenye mfuko wa nailoni na hauna jina kubwa. Mwingine umo ndani ya boksi gumu, vichwa vyake vina rangi ya dhahabu, na boksi limeandikwa 8K kwa herufi kubwa. Urefu ni sawa na vichwa vinaingia tundu lilelile, lakini bei ya wa pili ni mara kadhaa ya bei ya wa kwanza. Muuzaji anakwambia: "Huu ndio dijitali kamili, sauti yake ni nyingine kabisa."

Swali hili linakuja wakati watu wengi vijijini wananunua runinga kwa mara ya kwanza, wengine kwa umeme wa gridi na wengine kwa sola. Wenye vibanda umiza nao wanajiandaa kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, litakaloandaliwa kwa pamoja na Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa mtu anayesubiri mauzo ya mahindi au kahawa ndipo anunue kitu, tofauti ya bei kati ya nyaya hizo mbili inaweza kuwa ndiyo fedha ya madaftari ya watoto au ya dawa ya kuhifadhi mazao ghalani.

Jibu fupi ni hili: kama nyaya zote mbili ni za aina inayohitajika, ni nzima na ni za urefu wa kawaida wa nyumbani, sauti utakayosikia ni ileile. Jibu refu lina faida zaidi, kwa sababu litakusaidia usinunue waya wa bei rahisi usiofaa, wala wa bei ghali usioongeza kitu.

Neno "dijitali" lilitufikiaje

Wengi wetu tulilisikia neno hili kwa nguvu wakati wa kuhama kutoka mitambo ya zamani ya runinga. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, liliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kuendelea na matangazo ya runinga ya analojia kwa nchi nyingi, zikiwemo za Afrika. Tanzania ilianza kuzima mitambo hiyo mapema, tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia na Dar es Salaam. Hapo ndipo ving'amuzi vilipoingia kila kona.

Watu waliona jambo la kweli: picha iliyokuwa na chenga ikawa safi. Tangu hapo, masikioni mwetu neno "dijitali" likawa na maana ya "bora zaidi", na wafanyabiashara wanalitumia hivyo. Kuna antena ya dijitali, spika ya dijitali, na sasa waya wa dijitali. Lakini kwa upande wa waya, neno hilo linaeleza tu namna sauti inavyosafirishwa. Halisemi kwamba waya huu ni bora kuliko ule.

Ni vizuri pia ukumbuke kwamba redio ya FM unayotusikiliza bado inarushwa kwa analojia, na unatusikia vizuri tu.

Waya unabeba nini hasa

Tuchukue maziwa. Ukiyabeba kwenye ndoo kutoka zizini hadi barabarani, kila kitakachoingia njiani kitabaki humo. Likiingia vumbi, maziwa yanabadilika. Yakimwagika kidogo, yanapungua. Waya wa analojia, kwa mfano ule wenye pini nyekundu na nyeupe, hubeba sauti kwa namna hiyo. Umeme unaopanda na kushuka ndani ya waya ndio sauti yenyewe, kwa hiyo mvumo wowote unaoingia njiani utausikia kwenye spika.

Sasa chukua fedha ya simu. Mtoto wako aliye mjini akikutumia shilingi 10,000 huku mtandao ukiwa dhaifu, kwako haifiki 9,700 kwa sababu ya ubovu wa mtandao. Inafika 10,000, au haifiki kabisa. Kinachosafiri ni namba, na namba ikisomeka imesomeka.

Waya wa dijitali hubeba namba. Sauti ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kushoto na upande wa kulia, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Jumla yake ni tarakimu zipatazo milioni 1.4 kwa sekunde. Kazi ya waya ni kumwezesha mpokeaji atofautishe sifuri na moja. Akishazitambua zote, hakuna sifuri tamu kuliko nyingine wala moja yenye besi nzito zaidi.

Kuna mahali mfano wa fedha ya simu unaishia. Muamala ukikwama, unaweza kurudiwa baada ya dakika tano. Sauti haina nafasi hiyo, kwa sababu inatakiwa isikike sasa hivi. Namba zikipotea nyingi, kifaa hakisubiri. Utasikia pengo au mlio. Ndiyo maana waya mbovu wa dijitali upo, na dalili zake zinajulikana.

Dalili za waya wa dijitali ulioshindwa kazi

Waya wa dijitali ukizidiwa, sauti haiwi nzito kidogo au nyembamba kidogo. Inakatika na kurudi, inatoa milio ya "tik tik", au inanyamaza kabisa. Kwa waya unaobeba na picha, utaona nukta nyeupe zikimetameta kama nyota, au kioo kinakuwa cheusi sekunde moja na kurudi.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia waya wake "unaongeza besi" au "unalainisha sauti ya mwimbaji", anakueleza jambo ambalo waya wa dijitali haufanyi. Besi inatokana na spika, boksi lake na mahali ulipoliweka chumbani.

Nyaya unazoweza kukutana nazo

Wa HDMI. Ndio unaojulikana zaidi, wenye kichwa bapa. Ulitangazwa mwaka 2002 na kundi la kampuni zikiwemo Sony, Panasonic, Philips na Toshiba. Unabeba picha na sauti kwa pamoja, na ndio unaotoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye runinga. Mwaka 2009 uliongezewa uwezo wa kurudisha sauti kutoka kwenye runinga kwenda kwenye redio au saundiba, ile spika ndefu inayowekwa chini ya runinga. Uwezo huo unaitwa ARC. Angalia nyuma ya runinga: kwa kawaida ni tundu moja tu kati ya matundu ya HDMI lenye herufi hizo, na ukichomeka kwenye tundu jingine sauti haitarudi. Faida ya ARC ni kwamba rimoti ya runinga inaweza kuongeza na kupunguza sauti ya saundiba.

Wa mwanga. Tundu lake limeandikwa OPTICAL na lina kifuniko kidogo. Ulibuniwa na Toshiba mwaka 1983. Ndani yake hakuna shaba. Kuna uzi wa plastiki unaopitisha mwanga mwekundu, na mwanga huo huwaka na kuzimika haraka sana kuwakilisha zile moja na sifuri. Unabeba sauti peke yake. Unatosha kabisa kwa muziki wa spika mbili na kwa filamu za spika sita zilizobanwa kwa mfumo wa Dolby Digital, lakini hauna nafasi ya mifumo mikubwa ya sauti iliyokuja baadaye. Usiukunje kwa nguvu, na kwa nyaya za kawaida za plastiki usivuke mita 5. Kabla ya kuuchomeka, toa vile vikofia vidogo vya plastiki kwenye ncha zake. Watu wengine wamerudisha waya dukani wakidhani ni mbovu kumbe kofia bado iko mahali pake.

Wa koaksia. Huu una pini moja ya duara kama zile za AV, na tundu lake mara nyingi ni la rangi ya chungwa au jeusi, limeandikwa COAXIAL. Unabeba sauti ileile ya waya wa mwanga, ila kwa umeme. Ukinzani wake unatakiwa uwe omu 75, sawa na waya wa dishi. Hapa pana siri inayookoa fedha: ile pini ya njano ya waya wa AV, ambayo ni ya picha, nayo imekusudiwa kuwa ya omu 75. Kwa hiyo waya wa njano uliobaki kabatini unaweza kufanya kazi hii kwa umbali wa mita moja au mbili.

Wa USB. Siku hizi simu nyingi zina tundu dogo la mviringo bapa, linaloitwa USB-C. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, Umoja wa Ulaya unalazimisha simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu hilo, kwa hiyo litazidi kuenea hata kwetu. Lakini kuwa mwangalifu: baadhi ya nyaya za USB zimetengenezwa kwa kuchaji tu na hazina nyuzi za kubeba muziki wala picha. Kwa macho zinafanana kabisa. Jaribu kuhamisha picha moja kutoka simu kwenda kompyuta. Ikishindikana, jaribu waya mwingine kabla ya kuilaumu simu.

Kwanza tazama matundu, kisha fungua pochi

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea. Sabufa nyingi zinazouzwa katika maduka yetu hazina tundu lolote la kupokea waya wa dijitali. Zina matundu mekundu na meupe, au jeki ndogo ya hedifoni, pamoja na mahali pa flashi na Bluetooth. Mtu akinunua waya wa mwanga wa bei kubwa kwa ajili ya sabufa ya namna hiyo, atafika nyumbani akose pa kuuchomeka.

Kabla hujaenda dukani, piga picha kwa simu yako: nyuma ya runinga, nyuma ya king'amuzi, na nyuma ya sabufa. Maandishi yasomeke. Picha hizo tatu zitakusaidia kuliko maelezo ya muuzaji.

Kama runinga ina tundu la hedifoni na sabufa ina matundu mekundu na meupe, waya wa kawaida wa jeki ndogo kwenda pini mbili unatosha. Tatizo ni kwamba baadhi ya runinga mpya zimeondolewa tundu la hedifoni na zimebaki na HDMI na OPTICAL. Hapo utahitaji kiboksi kidogo cha kugeuza sauti ya dijitali kuwa analojia, ambacho hukaa kati ya runinga na sabufa na hutumia umeme mdogo wa USB.

Ukishakifunga na usisikie kitu, usikimbilie kukirudisha. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, tafuta sehemu ya sauti ya dijitali, na uchague PCM. Viboksi vingi vya bei rahisi vinaelewa PCM tu. Runinga ikiwa inatoa sauti iliyobanwa kwa Dolby, kiboksi kinanyamaza au kinatoa mlio wa kukwaruza. Jua pia kwamba kwa njia hii, mara nyingi rimoti ya runinga haitapunguza sauti. Utatumia rimoti au kitufe cha sabufa.

Bluetooth nayo inafaa kwa muziki wa simu na haihitaji waya. Kwa mpira na filamu ina kasoro ya kuchelewa kidogo: mdomo unatangulia, maneno yanafuata.

Dhahabu, 8K na maneno mengine ya boksi

Rangi ya dhahabu kwenye vichwa ina kazi moja ya kweli: dhahabu haipati kutu. Kwa msikilizaji aliye pwani au kando ya ziwa, ambako unyevu unakula chuma, hilo ni jambo jema. Lakini haibadilishi namba zinazopita. Na kama umewahi kuona waya wa mwanga wenye vichwa vya dhahabu, jiulize dhahabu hiyo inafanya nini, maana kinachopita pale ni mwanga ndani ya plastiki, na mwanga huo hauigusi kabisa.

Kuhusu 8K, hiyo ni habari ya picha. Waya wa HDMI wa daraja la "High Speed", ambao upo kwa muda mrefu, hupimwa kwa uwezo wa gigabiti 10.2 kwa sekunde. Ukilinganisha na ile milioni 1.4 ya CD, ni zaidi ya mara 7,000. Ni sawa na kubeba kiroba kimoja cha unga kwenye lori la tani kumi, kisha uambiwe ununue lori la tani arobaini ili unga uwe mtamu zaidi.

Lori kubwa lina watu wake. Daraja la "Ultra High Speed" lina uwezo wa gigabiti 48, na linamfaa mwenye runinga ya 8K au mashine mpya ya michezo ya kompyuta. Boksi la waya halisi wa daraja hilo linatakiwa kuwa na lebo ya uthibitisho unayoweza kuiskani kwa programu ya simu. Dalili nyingine ya kukufungua macho: wenye haki ya HDMI hawaruhusu nyaya ziuzwe kwa namba za matoleo kama 1.4, 2.0 au 2.1. Waya hutajwa kwa jina la daraja lake. Ukiona boksi limejaa namba za matoleo na halina jina la daraja, muulize muuzaji maswali zaidi.

Kitu kimoja cha kukijali kweli ni urefu. Kwa mita 1 hadi 3, waya wa HDMI wa kawaida ulio mzima hufanya kazi bila shida. Mwenye kibanda umiza anayetaka kuvuta HDMI mita 10 au 15 kutoka kwenye king'amuzi hadi kwenye runinga iliyo juu ukutani, huyo ana sababu ya kulipia waya mnene zaidi, au kusogeza king'amuzi karibu. Kadiri waya unavyorefuka, ndivyo namba zinavyofika zikiwa hafifu, hasa kama picha ni ya 4K.

Mbona wengine wanaapa wanasikia tofauti?

Swali hili ni la haki. Wapo wapenzi wa muziki, hapa na nje, wanaosema waya wa dijitali wa bei ghali unasikika vizuri zaidi. Hoja yao yenye uzito kuliko zote inahusu wakati: si namba tu zifike, bali zifike kwa mapigo yaliyo sawa, kama ngoma isiyoyumba. Ni kweli kwamba waya mbaya au mrefu kupita kiasi unaweza kuyumbisha mapigo hayo. Ni kweli pia kwamba vifaa vya kupokea vimetengenezwa kuyapanga upya kabla ya kuigeuza namba kuwa sauti. Kwa waya mzima wa mita moja na nusu chumbani kwako, kinachobaki ni kidogo mno kwa sikio kukitambua.

Sikio nalo hupokea na matumaini. Mtu aliyelipa fedha nyingi anasikiliza kwa makini zaidi, na mara nyingi ameongeza sauti kidogo. Sauti iliyoongezwa hata kidogo huonekana bora. Ukitaka kujua ukweli, mwambie mtoto abadilishe nyaya bila wewe kuona, wimbo uleule, sauti kiasi kilekile, mara kumi. Kila mara taja ni upi unacheza. Ukipata tano au sita, umebahatisha tu.

Umeme, sola na radi

Kuna mahali ambapo uchaguzi wa aina ya waya unabadilisha kweli unachosikia, nao ni kwenye mvumo wa umeme. Ule mlio wa "mmmm" unaotoka kwenye sabufa hata muziki ukiwa umezimwa, mara nyingi unatokana na vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa chuma huku kimoja kikiwa na ethi na kingine hakina, au waya wa dishi ukiwa umeleta njia yake ya pili ya ardhini. Inveta za sola za bei rahisi nazo huongeza kelele. Waya wa mwanga hauna chuma, kwa hiyo hauvushi mvumo huo kutoka runinga kwenda redio. Kama vifaa vyako vina tundu lake, hapa waya wa mwanga wa bei ya kawaida unaushinda waya wa shaba wa bei ghali.

Lakini usiufanye kuwa dawa ya nyumba isiyo na ethi. Ukigusa kichwa cha HDMI au boksi la king'amuzi ukasikia umeme ukikuchoma kidogo, ita fundi wa umeme. Hiyo ni hatari kwa watoto, na inaweza kuunguza tundu la HDMI unapochomeka vifaa vikiwa vimewashwa. Zima vifaa na uvitoe kwenye soketi kwanza, unganisha waya, kisha ndipo uwashe.

Wakati wa radi, toa plagi zote na utoe waya wa dishi nyuma ya king'amuzi kabla mvua haijafika. Radi ikishapita kwenye nyaya hizo, hakuna waya wa sauti, wa bei yoyote, utakaoiokoa runinga.

Nani ananufaika, na haki yako ni ipi

Ukitazama biashara yenyewe, utaelewa kwa nini waya unasifiwa hivi. Bei ya runinga inajulikana. Mteja ameuliza maduka matatu na faida imebanwa. Bei ya waya haijulikani. Mteja amechoka, amebeba boksi kubwa, gari la kurudi kijijini linaondoka saa tisa, na maandishi ya boksi ni ya Kiingereza. Hapo muuzaji ana nafasi ya kupata faida aliyoikosa kwenye runinga.

Si kila muuzaji ni mwongo. Wengine wanarudia walichoambiwa na waliowauzia. Hata hivyo sheria iko upande wa mlaji. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia na kupambana na bidhaa bandia. Shirika la Viwango, TBS, linashughulikia ubora. Kwa wasikilizaji wetu walio Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kupewa taarifa anazohitaji, na ipo Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia.

Haki hizo zinakuwa na nguvu ukiwa na risiti. Dai risiti iliyoandikwa aina ya waya na urefu wake, siyo "vifaa" tu. Na kabla hujaondoka, omba waya uchomekwe kwenye runinga ya dukani kwa dakika tano. Kwa kuwa waya wa dijitali ama unafanya kazi ama unakatikakatika, hilo ni jaribio la kutosha kwa waya mfupi.

Fedha yako iende wapi

Tuseme umetenga shilingi 100,000 kuboresha sauti nyumbani. Ukiweka 60,000 kwenye waya na 40,000 kwenye spika, utasikia spika ya 40,000. Ukiweka 10,000 kwenye waya ulio mzima na 90,000 kwenye spika, utasikia spika ya 90,000. Waya haupandishi hadhi ya spika.

Angalia pia chanzo cha muziki wako. Nyimbo nyingi tunazowekewa kwenye flashi na memori kadi zimebanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde, yaani kama sehemu moja ya kumi na moja ya zile namba za CD. Nyingine zimebanwa mara mbili au tatu zikipita simu hadi simu. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi, hata upitishe kwenye waya wa dhahabu tupu. Ukichomeka flashi moja kwa moja kwenye sabufa, namba zinasomwa na kugeuzwa kuwa sauti humohumo ndani, na huhitaji waya wa dijitali kabisa. Kutafuta nakala nzuri ya wimbo kunabadilisha sauti kuliko waya wowote.

Basi ukienda dukani, beba mambo haya matano kichwani au kwenye simu:

1. Picha za matundu ya vifaa vyako vyote.
2. Umbali uliopimwa kwa kamba au futi, ukiongeza nusu mita ya kulegeza. Usinunue mita 5 kwa kazi ya mita 1.
3. Aina ya waya inayolingana na matundu. Kwa HDMI, daraja la "High Speed" linatosha kwa king'amuzi na runinga ya kawaida.
4. Kichwa kinachokaa imara kwenye tundu bila kucheza, na waya usiokunjika kirahisi pale unapoingia kwenye kichwa. Nyaya nyingi hufia hapo.
5. Jaribio la dakika tano na risiti.

Waya ukitimiza hayo, chukua wa bei nafuu na usiwe na wasiwasi. Kama una swali kuhusu matundu ya vifaa vyako, tutumie picha kwa namba ya ujumbe ya kituo, ukitaja kijiji chako na aina ya umeme unaotumia. Tutazipitia pamoja na fundi na kuzijibu hewani.